Dakika Mbili Nyuma ya Mlango

Karani Jovitus alikuwa amekwisha kumhukumu Fideli, kwa mdomo wake mwenyewe, kifungo cha miaka mitatu kabla Sajini Yuster hajapata hata pa kukaa.

"Huyo hapo, afande, umemleta mwenyewe. Muulize kama aliharibu kompyuta yetu, atakuambia hapana. Sasa kama si yeye, ni nani? Mimi?"

"Sijakuuliza kitu bado," alisema Sajini.

"Nakurahisishia kazi."

"Usinirahisishie. Lete kiti."

Kiti kililetwa, mguu mmoja mfupi. Ofisi ya kijiji cha Rwamibuga, kata ya Ntobeye, ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, na ndani ya chumba hicho vitu viwili tu ndivyo vilivyofunikwa kwa kitambaa cha kufumwa: picha ya ukutani na kompyuta. Leo kitambaa cha kompyuta kilikuwa kimetolewa na kukunjwa vizuri, kama shuka la mtu aliyefariki.

Fideli alisimama karibu na dirisha, pingu mkononi, konstebo pembeni yake. Alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda Kabanga karibu na mabasi ya mpakani, umri miaka ishirini na sita. Tangu akamatwe jana alikuwa ametoa sentensi moja tu: "Mimi niliiacha inawaka." Akiulizwa huwa anaifanyia nini, ananyamaza. Saa nane mchana gari la mahabusu lingeondoka kwenda mahakamani, naye angekuwa ndani yake, kwa kosa la kuharibu kumbukumbu za ardhi za kijiji. Sasa ilikuwa saa nne na robo.

Mlangoni, juu ya ngazi ya saruji, alikaa mama yake, Verediana, na chupa ya uji mapajani. Alikuwa amelifuata gari la polisi kwa bodaboda tangu kituoni. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza.

"Haya," alisema Sajini. "Anza na kompyuta. Ina nini?"

"Ina kijiji kizima," alijibu Jovitus. "Mipaka yote iliyopimwa na wale wa mradi wa kupima ardhi. Kila shamba, picha za majirani wamesimama kwenye mpaka, alama za dole gumba. Jumatatu baraza la ardhi linataka faili la mama Nimpaye, yule mjane. Anagombana mpaka na Bonaventura. Na Bonaventura ni nani? Mjomba wa huyu!" Alimwonyesha Fideli kwa kidole. "Jumatatu iliyopita huyu kaja, kajifungia humu. Jumanne asubuhi nawasha, imekufa. Wewe ni mpelelezi, unataka nini tena?"

Kutoka mlangoni Verediana alisema, "Bonaventura ni kaka yangu, na hatujaongea tangu mazishi ya baba. Hata chumvi yake sijaonja."

"Mama, subiri zamu yako," alisema Sajini.

"Mwanangu gari lake ni saa nane, afande. Zamu yangu ni saa ngapi?"

Sajini alibonyeza swichi ya kompyuta. Ikanguruma, ikaonyesha alama ya kampuni iliyoitengeneza, ikaanza kuonyesha alama ya Windows, kisha kioo kizima kikageuka bluu na maandishi meupe, sekunde moja hivi, halafu ikajizima na kuanza upya. Alama, Windows, bluu, kujizima. Mara ya tatu aliweza kunakili sehemu ya mwisho kwenye daftari lake: sifuri nyingi, halafu 7B.

"Hiyo saba na B ndiyo nini?"

"Ndiyo kifo chenyewe," alisema Jovitus.

Kabla Sajini hajatafuta jibu la kistaarabu, kijana mnene aliingia na begi mgongoni, akimruka Verediana pale ngazini bila kusema samahani. Alikuwa Samweli, fundi kutoka Biharamulo. Jovitus alikuwa amempigia simu jana hiyohiyo.

"Shikamoo afande. Karani, mgonjwa yuko wapi? Tupige windo niwahi basi la kurudi."

"Nani kasema ipigwe windo?" aliuliza Sajini.

"Mimi," alisema Jovitus. "Ofisi haiwezi kukaa bila kompyuta."

"Hicho ni kielelezo cha polisi!"

"Lakini ni yetu."

Sajini Yuster alifumba macho, akahesabu mpaka tano. Katika miaka kumi na moja ya kazi alikuwa amekuta watu wameosha panga la mauaji kwa sababu lilikuwa chafu, na wamefagia nyayo za mwizi kwa sababu wageni wanakuja. Leo wanataka kupiga windo, yaani kufuta kompyuta yote na kuiwekea Windows upya.

"Samweli. Bila kufuta chochote. Niambie tu imekufa na nini."

Samweli alitoa sidii. "Humu kuna XP, afande, ile ya zamani. Programu yao ya ramani haikubali nyingine. Naanza na sidii ya XP hiyohiyo." Alisubiri, akapiga miluzi. Kioo kilijaa maandishi, kikaandika kitu, kikaishia hapo. "Umeona? Inasema haikukuta diski yoyote. Diski imekufa. Pole, karani."

Jovitus alipiga makofi mara moja. "Nilisema mimi! Kaiua!"

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Sajini.

"Nijaribu sidii ya Windows Saba, labda." Akabadilisha. Safari hii alisubiri zaidi, akaacha miluzi. "Aa. Hii imeiona. Diski hii hapa, na ukubwa wake kamili. Basi vizuri, naifuta naweka Saba, dakika arobaini tu." Kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

"Samweli, usiguse!"

Aliyepiga kelele alikuwa Fideli. Konstebo alimrudisha ukutani. Sajini alikuwa amekwisha kuukamata mkono wa Samweli hewani, na aliushikilia hivyo kwa muda, huku akimtazama Fideli.

"Kumbe una sauti," alisema. "Endelea."

Fideli aliinamisha kichwa.

"Endelea, nimesema. Asiguse kwa nini?"

Sajini aliuachia mkono wa Samweli na kuuweka juu ya begi lake, mbali na vitufe. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto mgonjwa. "Samweli, diski iliyokufa, kuna sidii inayoweza kuiona?"

"Hapana. Imekufa, imekufa."

"Hii imeonekana na moja, haikuonekana na nyingine. Dakika tano hizihizi, hapahapa mezani."

"Ndiyo."

"Basi diski ni nzima. Hiyo XP ndiyo haina macho."

Samweli alikuna shingo. "Mimi huwa sifiki huko, afande. Mteja akisema imegoma, napiga windo."

"Na mafaili yao?"

"Huwa nawapa pole."

Kupiga windo bila kuuliza ni kuchoma shamba kwa sababu umeona nyoka, na mara ngapi nyoka mwenyewe alikuwa kamba tu. Sajini alimwambia Samweli akae chini na asiguse kitu kilicho na waya. Kisha akadai vitabu: kitabu cha wageni, na daftari la mlinzi, kama lipo.

Lilikuwepo. Mlinzi wa ofisi, mzee Sostenes, alilileta mwenyewe, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Verediana alimpisha ngazini na kumwamkia, na mzee akaitikia marahaba mwanangu, akaingia na kukaa kwenye benchi.

Sajini aliweka vitabu viwili sambamba. Fideli alikuwa amesaini kitabu cha wageni mara tisa mwaka huu. Kazi aliyoandika kila mara ni neno moja: kompyuta.

"Akija, hufanya nini?" alimuuliza Jovitus.

"Hatujui! Ndiyo shida. Anasema tutoke nje, anafunga mlango. Dakika mbili, afande. Ukimaliza kufungua soda, na yeye kamaliza. Anafungua mlango, kompyuta inawaka. Fundi gani anatengeneza kwa dakika mbili? Anaiharibu mwenyewe ili aitwe, halafu anaitegua. Ni mtego wake."

"Anaiharibu lini, kama haji mpaka mmwite?"

Sajini alipitisha kidole kwenye daftari la lindo. Mzee Sostenes alikuwa na mwandiko wa shule ya zamani, herufi zimelala upande mmoja. *Umeme umekatika saa mbili usiku, umerudi alfajiri.* Kesho yake, Fideli kwenye kitabu cha wageni. *Umeme umekatika mchana kutwa.* Kesho yake, Fideli. Mara tisa, umeme ukitangulia na fundi akifuata, kama mvua na uyoga.

"Karani, ulishawahi kuona hili?"

"Umeme ukikatika kompyuta inashtuka. Kila mtu anajua."

"Ukirudi, kuna kitu kingine kinachobadilika?"

"Hakuna."

"Kitu chochote."

"Saa tu. Inarudi mwaka 2010, Januari mosi. Naisahihisha kwa mkono. Kuna barua ya mwenyekiti ilitoka na tarehe hiyo, nikagombezwa bure. Nadhani na hiyo ni kazi ya huyu."

Sajini aliweka kalamu chini. "Kompyuta inasahau mwaka kila umeme ukikatika, na hukumwambia mtu?"

"Ni saa tu, afande!"

Sasa palibaki shimo moja, nalo ndilo lingemmeza Fideli. Jumapili umeme ulikatika, Jumatatu Fideli akaja, akaiacha inawaka. Jovitus mwenyewe alichapa barua mbili jioni hiyo. Jumanne asubuhi ikafa. Na daftari la lindo, usiku wa Jumatatu, lilisema: *Mvua. Radi. Umeme haukukatika.* Mwendesha mashtaka angesoma mstari huo mmoja na kukaa, kesi imekwisha.

"Babu," Sajini alimgeukia Sostenes. "Jumatatu usiku umeme haukukatika?"

"Haukukatika, mjukuu wangu. Taa ya nje iliwaka mpaka asubuhi."

"Una uhakika?"

"Mimi silali lindoni."

"Kuna mtu aliingia humu?"

"Mtu hakuingia."

"Hakuna kabisa?"

"Niliingia mimi tu, kuchomoa."

Hata Samweli aliacha kuchezea zipu ya begi.

"Kuchomoa nini, babu?"

"Waya, ukutani. Mwenyekiti alitangaza mkutanoni, tangu radi ilipoua mbuzi sita wa watu kule Bugarama: ikinguruma, kila kitu cha umeme kichomolewe. Jumatatu ilinguruma. Nikachomoa. Radi haina udugu."

"Na daftarini mbona hukuandika?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeona sajini anachelewa kuelewa. "Niliambiwa niandike umeme ukikatika. Umeme haukukatika. Niliukata mimi."

Sajini Yuster alisimama, akamkabili Jovitus.

"Jumanne asubuhi ulikuta waya umechomolewa?"

"Nilikuta."

"Ukafanyaje?"

"Nilichomeka, afande. Ningefanyaje?"

"Uliandika maelezo kurasa nne kituoni! Umeandika mpaka rangi ya shati la Fideli! Waya hukuutaja!"

"Waya ni waya," alisema Jovitus, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Sajini akageukia dirishani. "Fideli. Mpaka hapa nimekusaidia bila msaada wako. Naona ukikatwa umeme, mashine inasahau. Mwaka inausahau. Nini kingine inasahau? Unaifanyia nini dakika mbili?"

Fideli alitazama viatu vyake.

Ndipo Verediana alipoinuka. Aliiweka chupa ya uji juu ya meza, kando ya kompyuta, akamwendea mwanawe mpaka konstebo akasogea mwenyewe.

"Unaficha nini, mwanangu? Ulichukua kitu?"

"Sijachukua kitu, mama."

"Basi sema."

"Nikisema, Jovitus atafanya mwenyewe. Hataniita tena. Na wateja wangu wa kule sekondari watasikia, hawataniita. Ni kazi yangu hiyo."

Mama alimtazama kama hakumsikia vizuri. "Kwa hiyo utaenda gerezani ili Jovitus asijue kubonyeza?"

Samweli alicheka, akageuza kuwa kikohozi.

"Mimi nimekulea kwa jembe la watu," Verediana aliendelea. "Nimelima mpaka kwa hao wanaokusema leo. Sijawahi kumnyima mtu mbegu nikiogopa shamba lake litashinda langu. Neno linakufunga, na wewe unalifungia ndani! Sema, Fideli. Sema hapa, mbele yao, au mimi narudi nyumbani na uji wangu."

"Diski na kompyuta zina namna mbili za kuongea," alianza Fideli. "Ya zamani inaitwa IDE, mpya inaitwa AHCI. XP ilitoka zamani, haina draiva ya hiyo mpya, yaani haina programu ya kuielewa. Ukiiwekea AHCI, inaanza kuwaka, ikifika mahali pa kusoma diski haioni kitu. Inatoa bluu. Hiyo 7B uliyoandika maana yake ni hiyo, sioni diski yangu. Windows Saba ilizaliwa na draiva yake, ndiyo maana sidii ya Samweli imeiona."

"Nani anaiwekea hiyo AHCI?"

"Hakuna. Inarudi yenyewe. Kiwandani iliwekwa hivyo. Watu wa mradi walipoweka XP waliibadilisha iwe IDE, na mpangilio huo hauko kwenye diski, uko kwenye ubao ndani, unatunzwa na kibetri kidogo kama kitufe cha koti. Kibetri kimekufa, mwaka wa pili huu. Umeme ukiwepo ukutani, inakumbuka. Ukikatika au ukichomolewa, inasahau saa, inasahau na IDE. Mimi nikija naingia kwenye ukurasa wa mipangilio, narudisha IDE, natoka. Ni dakika mbili kweli."

"Na kibetri hukukibadilisha."

Fideli alitikisa kichwa.

"Hukuwaambia hata kwamba kimekufa."

"Hapana, afande."

"Mjinga," alisema mama yake taratibu.

Sajini alimwamuru konstebo afungue pingu ya mkono mmoja. Fideli aliiwasha kompyuta, akagonga kitufe cha Delete mfululizo, ukatokea ukurasa wa bluu iliyokolea, si ule wa kifo. Alishuka kwa mishale, akasimama kwenye mstari ulioandikwa AHCI, akabadilisha ukawa IDE, akabonyeza F10. Alama. Windows. Wote walishika pumzi pale bluu ilipozoea kutokea. Haikutokea. Ikaja picha ya milima na nyasi, na folda za mradi zimejipanga. Sajini alifungua faili la mama Nimpaye: mjane huyo amesimama mpakani, jembe begani, na upande wa pili Bonaventura mwenyewe, akitabasamu, kidole gumba kimejaa wino.

"Mungu wangu," alisema Mzee Sostenes.

Lakini Jovitus alikuwa amekunja mikono. "Mmeona wenyewe. Kagusa, imepona. Si nilisema anaitegua? Mimi maelezo yangu sifuti."

Sajini alitazama saa. Sita kasoro dakika kumi. Alitaka kupiga kelele, akajizuia. Karani alikuwa mbishi, lakini safari hii hakukosea: dawa ya fundi haikuwa ushahidi. Ugonjwa ulitakiwa urudi bila mkono wake.

Kule upande wa Bugarama mbingu ilinguruma, mara ya kwanza siku hiyo. Mzee Sostenes akainuka kwa mazoea na kuelekea ukutani.

"Babu, acha!" walipiga kelele Jovitus na Samweli kwa pamoja.

"Mwacheni," alisema Sajini. "Samweli, nakili hilo faili la mama Nimpaye kwenye fleshi yako kwanza, uikabidhi kwa konstebo. Halafu Fideli, andika kwenye karatasi ulichofanya. Kila kitufe. Kwa Kiswahili cha karani."

Fideli aliandika, pingu ikining'inia kwenye mkono wa pili. Alitoa mistari sita. Akaishika karatasi mkononi bila kumpa mtu. Mama yake alinyoosha kiganja. Akampa mama, na mama akampa Jovitus.

Kompyuta ilizimwa, Sostenes akachomoa. Walikaa robo saa wakisikiliza mvua ikija juu ya bati. Verediana alimimina uji kwenye kifuniko, akampa mwanawe, akampa na konstebo. Radi ilipopita, Sajini alimwambia Jovitus achomeke na kuwasha yeye, na Fideli akarudishwa dirishani.

Kioo kilitoa maandishi meupe kwenye weusi, kikasimama. Jovitus akabonyeza F1 haraka, kikaendelea.

"Umebonyeza nini?"

"F1. Huwa inauliza, nabonyeza inapita."

"Inauliza nini?"

"Kiingereza kirefu, afande."

Sajini alikuwa amewahi kusoma mstari wa kwanza. "Ilikuwa inasema betri imekwisha, mipangilio imerudi ya kiwandani. Inasema hivyo tangu lini?"

Jovitus alihesabu kimoyomoyo. "Kila mara."

Alama, Windows, bluu, kujizima. 7B. Hakuna aliyekuwa ameigusa isipokuwa karani aliyeshtaki.

"Haya," alisema Sajini. "Karatasi unayo."

Jovitus alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, akaikosa Delete mara mbili, akailaumu kompyuta, akaipata mara ya tatu. Alishuka kwa mishale. Akasimama. Akageuka nyuma.

"Fideli, hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo hiyo. Badilisha iwe IDE. Halafu F10."

Nyasi za kijani zilipotokea, Jovitus alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha, bila kuambiwa, akavuta kalamu ya Sajini na kuandika chini ya zile kurasa zake nne, zilizokuwa kwenye jalada la Sajini, kwamba analifuta lalamiko, akasaini, akaangalia tarehe kwenye kompyuta ili aijaze. Ilisema Januari mosi, 2010.

"Usiandike hiyo!" alisema Sajini.

Saa saba kasorobo konstebo alifungua pingu ya pili. Verediana alikuwa amekwisha kufunika chupa na kusimama nje, kwenye matope, akimsubiri mwanawe. Fideli alifika mlangoni, akarudi, akaichukua ile karatasi mezani, akaibandika ukutani kwa gundi ya bahasha, juu kidogo ya soketi, mahali ambapo hata mzee Sostenes angeiona akija kuchomoa.